Chafya Iliyonizika

Mwanangu Gideon,

Habari za soksi nzito, dawa za tumbo, nakala za vyeti na mahali pa kufichia pesa safarini, mama yako amezimaliza. Leo nimemsikia akizirudia tena na wewe ukimjibu "sawa, mum" huku macho yako yako kwa simu. Sitaziongeza. Wala sitakuambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwa sababu mkuu mwenyewe aliambiwa na hakusikia.

Nakuandikia kwa ajili ya lile swali la jana. Nilikuwa nakamua, nawe umeegemea mlango wa boma, ukaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya unga, "Baba, nikikwama huko kwa hiyo mgodi, utakuja kunitafuta?" Nikakwambia unyamaze kidogo, ng'ombe anakataa kushusha maziwa. Ng'ombe hakuwa amekataa chochote. Nilichukua ndoo nikaondoka, na tangu jana siwezi kukuangalia usoni. Kwa mdomo najijua, nitaanza kuongea habari za mbolea. Acha nijaribu kwa kalamu.

Unajua kwamba nilifanya kazi mgodini katika nchi ya watu, vita vikanikuta huko na nikafungiwa. Hivyo ndivyo tulivyokuambia, na hukuwahi kuuliza zaidi, maana katika nyumba hii watoto hujua mapema mahali pasipoulizwa. Jina la nchi ile sitaliandika. Si hiyo unayoenda wewe, usiogope. Mama yako hapendi litajwe ndani ya nyumba, na katika hilo nimemkubalia.

Nilikuwa fundi wa jenereta katika kiwanda cha chai huku Sotik. Nilikuwa na kiburi cha mafundi, nikidhani kila kitu kinachonguruma nakiweza. Watu wa mgodi wa dhahabu walipotafuta fundi, nilijibu kabla hawajamaliza kuniambia ni wapi. Mama yako alikuwa na mimba yako. Kogo yako, mama yangu, alinishika mkono pale jikoni akaniambia, "Mtu hawezi kuacha nyumba ikiwa na mimba. Ngoja uone uso wa mtoto kwanza." Nikacheka, nikamwambia uso wa mtoto utanisubiri. Leo mimi ni mzee kuliko nilivyowahi kumwona yeye kuwa mzee, na bado nasikia kicheko kile na nakionea haya.

Vita vilipofika kule, wenye mgodi walipanda ndege. Sisi wafanyakazi wa kigeni tukapandishwa malori. Wanajeshi walisema nchi zetu zinawahifadhi maadui wao, kwa hivyo tutakaa mahali mpaka mambo yaeleweke. Hatukuwa wanajeshi, hatukuwa wahalifu. Tulikuwa mafundi na wapishi na wachimbaji, na hakuna aliyejua kutuita nini. Walituweka katika kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba, na marobota ya pamba yalikuwa bado yamepangwa ndani hadi karibu na paa.

Hapo ndipo nilipokutana na Mwangi. Wewe unamjua kwa simu tu, yule Baba Njeri wa Kipkelion anayenipigia kila Jumapili. Alikuwa akiendesha mashine ya kutoboa mwamba. Nyumbani nisingemsalimia, kwa sababu zile za kijinga za Mkipsigis na Mkikuyu ambazo hata nyinyi vijana mmezirithi, msijifanye. Huko tulilala mgongo kwa mgongo.

Pamba ni kitu kibaya, Gideon. Hula sauti. Mtu alikuwa akikaa hatua chache kutoka kwako, ukaona midomo yake ikisonga, na kinachokufikia ni kidogo sana. Nyuzi nyeupe zilielea hewani mchana kutwa na kutua kwenye kope, na asubuhi vijana waliamka na nyusi za wazee. Kila jua likikaribia kuzama ofisa mmoja alisimama mlangoni na kuita jina. Aliyeitwa alichukua blanketi lake akatoka. Baadaye tulijua kwamba wengine walirudishwa kwao. Wengine hadi leo hakuna anayejua walipelekwa wapi. Tulichojua ni kwamba asubuhi blanketi lilirudi, limekunjwa vizuri, likapewa mtu mwingine.

Basi tukajitungia sheria. Ukiitwa mara ya kwanza, usiitike. Huenda ofisa akachoka, huenda akaita jina jingine. Tuliizoea sheria hiyo hadi ikawa hata mwenzako akikuita uje ule, unanyamaza kwanza.

Sasa nafika kwa jambo ambalo nimemwambia Mwangi peke yake.

Siku moja, mchana kweupe, nilikuwa nimeegemea marobota. Nikasikia sauti ya mama yangu. Haikutoka nje. Ilitoka ndani ya pamba, nyuma ya kichwa changu, ya chini na ya taratibu. Alikuwa akiita majina. Alimwita babu yangu, arap Sigei. Akanyamaza kidogo, akamwita ndugu yake babu, yule aliyechukuliwa na mto. Akamwita shangazi yangu aliyefia Sigor. Wote ni marehemu wa ukoo wetu, na aliwaita mmoja mmoja, kwa kila mmoja akiuliza, "Ni wewe?"

Unajua kurenet, ingawa mnaicheka. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa naye na kuwaita waliotangulia kwa majina, huku ugoro kidogo ukisogezwa puani pake. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi nyumbani. Kogo alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kukaa benchi la mbele, lakini kwa hili hakumsikiliza mchungaji yeyote. Kwa hivyo niliposikia majina yale nilielewa mara moja. Umezaliwa. Nilifurahi, mwanangu, nakuapia, nilifurahi hadi machozi. Nilibandika sikio kwenye pamba nisikie utamchukua nani.

Majina yakaisha. Hukuwa umepiga chafya. Pakawa kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho nilisikia kama mtu anayelia akijizuia. Kisha mama yangu akasema, "Kipngeno. Kipngeno mwanangu, ni wewe?"

Hilo ni jina langu. Na harufu ya ugoro ilinijaa puani, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na tumbaku, na nikapiga chafya kwa nguvu hadi Mwangi akaisikia kupitia pamba yote ile.

"Pole," akasema. "Hii pamba itatumaliza."

Kwetu aliye hai haitwi pamoja na wale.

Jioni hiyo mgawa chakula alipita na upawa wake. Akampa Mwangi upande wangu wa kushoto. Akampa mzee mmoja upande wangu wa kulia. Mimi aliniruka. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mwangi akapiga kelele, "Na huyu je? Huyu hali?" Mgawa chakula aliangalia mahali nilipokaa, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akamimina uji kwa mkono wa kusitasita, mtu angedhani anamwaga chini. Na ofisa wa mlangoni hakuwahi kuniita. Wote niliofika nao waliitwa, mimi la. Huenda ilikuwa homa. Nilikuwa nimekonda na nilipenda kukaa gizani nyuma ya marobota. Nimejiambia hivyo miaka mingi na kuna siku naamini.

Mwangi aliitwa, akatoka, na kwa kweli akafika kwao. Mama yake ndiye aliyemtoa. Mama yule hakuota ndoto wala hakusikia sauti. Alikuwa na miguu tu. Alienda ofisini kuuliza, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa, akarudi na chapati za kumpa askari wa getini, hadi wakubwa wakachoka kumwona na wakaanza kuandikiana na watu wa nchi ile. Alikuwa msumbufu. Namshukuru Mungu kwa wanawake wasumbufu.

Mwangi hata kabla hajapumzika alikuja Sotik kuwaambia watu wangu. Mama yako alikuwepo, na ni yeye aliyenisimulia. Mwangi alisimama pale mlangoni akasema, "Kipngeno ako hai. Nimemwona na macho yangu, nimemwacha ako hai." Kogo akamkaribisha, akampa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akamsikiliza hadi mwisho na kumshukuru kwa adabu. Kisha akakuonyesha wewe, umekaa kwenye mkeka unatafuna kijiti.

"Kipngeno ni huyu," akamwambia. "Alisharudi."

Mwangi alicheka akidhani ni mzaha. Akaona hakuna mwingine anayecheka.

Usimhukumu kogo yako. Habari zilikuwa zimefika kwamba mgodi umepigwa mabomu na hakuna aliyetoka. Hata hivyo alikataa kuamini, ndivyo alivyoniambia mama yako, alikataa kabisa hadi siku ya kukupa jina. Alipomaliza marehemu wote nawe umetulia tu, moyo wake ulivunjika akaita jina la mwanawe, na ukapiga chafya papo hapo. Nani angebishana na hilo? Anayerudi kwa njia hiyo ni aliyekufa. Wakanyoa nywele, wakaomboleza, nguo zangu zikagawiwa binamu zangu. Mama yako alitaka kufuatana na Mwangi ofisini akaulize. Wazee wakamwambia, "Utatafutaje mtu aliye hapa ndani ya nyumba? Unataka kumchanganya mtoto?" Alikuwa msichana mdogo, aliyeolewa juzi tu, na wote walikuwa wakilia. Akabaki.

Kwa hivyo hakuna aliyeniuliza. Kila mtu kule alikuwa na mtu wa kwao anayesumbua ofisi fulani mahali fulani kwa ajili yake, isipokuwa mimi. Nilikaa hadi vita vyenyewe vikachoka, walinzi wakaondoka mmoja mmoja, na siku moja mimi na walioletwa baadaye tukakuta mlango uko wazi na hakuna mtu. Nilitoka kwa miguu yangu. Hakuna aliyeniachilia.

Nilifika hapa alasiri moja ya ukungu, ule wa kutoka upande wa msitu unaofunika chai hadi usione shina la tatu. Ulikuwa umesimama kwenye geti, mtoto mdogo wa suruali iliyolegea, fimbo mkononi. Hukuniogopa. Uliniangalia kutoka miguu hadi uso ukasema, "Umekuja?" Halafu ukageuka ukaingia ndani, nikakusikia ukimwambia kogo, "Amekuja." Hukusema ni nani. Na yeye hakukuuliza.

Mama yangu alinilaki kwa mikono miwili. Alinililia shingoni, akanilisha, akaniosha miguu. Lakini hadi tulipomzika hakunitaja tena kwa jina langu. Alikuwa amelitoa na hakuweza kukunyang'anya. Aliniita Baba Gideon, au "wewe". Jioni alisimama pale nje akaita, "Kipngeno!" Mimi niliinuka kutoka kwenye kiti, na wewe ulipita mbio mbele yangu kumwendea. Nami nikakaa tena.

Nilikuchukia. Nimefikiria neno jingine laini na sikulipata, kwa hivyo acha likae. Mtu mzima, nilimchukia mtoto wa miaka ya kunyonya kidole kwa sababu alipiga chafya. Nilisema moyoni, huyu ndiye aliyenifungia mlango kule. Ndipo nilipotoa amri kwamba utaitwa Gideon, jina lako la ubatizo, na mtu asinisikizishe lile jingine. Mlidhani nimeokoka sana.

Na baada ya chuki ikaja hofu. Ulikuwa ukificha kipande cha ugali chini ya mto, na chakula kilikuwa tele. Ulilala na viatu, mama yako akikuvua, usiku unavivaa tena. Na ukiitwa hukuitika mara ya kwanza. Mwalimu wako alinilalamikia, "Baba Gideon, huyu kijana anasikia vizuri kweli? Lazima nimwite mara mbili." Hayo yote ndiyo tuliyoyafanya kule kwenye pamba, na hakuna mtu aliyekufundisha. Mimi sikuwa nimemsimulia yeyote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ung'ongo wangu ulikuwa mezani kila siku ukinywa chai na kuniangalia.

Jambo ninalotaka kukuambia hasa ni hili. Huenda unalikumbuka. Nafikiri unalikumbuka.

Ulikuwa umeanza shule ya chekechea. Tulikuwa tunachuma chai, mimi juu karibu na njia, mama yako bondeni, na wewe ukamfuata ndama katikati ya mashina. Ukungu ukashuka ghafla. Nikakusikia ukiita, "Baba!" Nilisimama. Ukaita tena, "Baba!" Ulikuwa karibu, labda mistari michache ya chai. Ukaita mara ya tatu, na sauti yako ilikuwa imeanza kukatika.

Sikuitika, Gideon. Mama yako nilimwambia kwamba sikusikia. Nilisikia yote. Ukungu uliifanya sauti yako ndogo na ya mbali, kama zilivyokuwa sauti kule kwenye pamba, na nilisikia ndani yake sauti yangu mwenyewe. Nikawaza, nikiitika, atakayetoka humu kwenye ukungu ni nani? Nilisimama nimeshika matawi ya chai kwa mikono yote miwili nikingoja unyamaze. Mama yako ndiye aliyepanda kutoka bondeni akikimbia, akivunja matawi kwa kifua, akikuita kwa kila jina analojua pamoja na lile nililolikataza, hadi akakupata. Alikubeba akapita nami. Ulikuwa umelowa. Uliniangalia juu ya bega lake na hukulia. Tangu siku hiyo ulinisalimia vizuri, ukanisaidia kazi, ukaniheshimu kuliko vijana wengi wanavyowaheshimu baba zao. Lakini hukuniita tena nikusaidie jambo lolote, hadi jana pale mlangoni mwa boma.

Sheria ya kutoitika ilituokoa kule, labda. Kosa langu ni kwamba niliifunga pamoja na nguo nikaja nayo nyumbani. Utajifunza mambo huko, mengine ya lazima, ya kuzuia moyo na kufunga mdomo. Yaache huko ukitoka. Mkeo na watoto hawatajua unawafanyia hivyo kwa sababu gani, watadhani huwapendi, na baada ya muda hata wewe utadhani hivyo.

Tafuta Mwangi wako mapema. Asiwe wa kwetu ikiwezekana. Mfundishe njia ya kufika hapa, mwambie ni mkono gani ukitoka Sotik, ili siku moja akihitajika aje aseme amekuacha ukiwa hai. Na ukipata simu usione aibu kutusumbua kwa mambo madogo. Tuambie umekula nini. Mama yako atajifanya hataki kujua na atajua hadi chumvi.

Kuhusu chafya ile, siwezi kukuambia ilikuwa nini. Mchungaji ana jibu lake na kogo alikuwa na lake. Huenda nusu yangu kweli ilikuja kuzaliwa hapa ili isibaki kule peke yake, na wewe ndiye uliyeitunza nilipokuwa siwezi. Siku nikiwaza hivyo nakuonea huruma na ninakushukuru kwa pamoja. Siku nyingine nawaza ulikuwa ni ugoro mkali na pua ya mtoto mchanga. Vyovyote ilivyokuwa, hukunifungia mlango wowote. Ulikuwa na umri wa siku chache. Waliopaswa kuuliza walikuwa watu wazima, na waliacha kuuliza kwa sababu walipata ishara.

Nilipomwambia Mwangi kwamba unaenda mgodini, aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Wacha kijana aende. Lakini wewe mzee, umetafuta pasipoti? Ama utamtafuta ukikaa hapo kando ya redio?" Nilimkasirikia wiki nzima. Halafu nikamwambia mama yako naenda Kericho kuangalia kipuri cha mashine ya kukata nyasi, nikaenda kuanzisha shughuli ya pasipoti. Ile yangu ya zamani ilichukuliwa pale mlangoni mwa kiwanda cha pamba na sikutaka nyingine maishani. Nimeipata mwezi uliopita. Picha yake ni ya mtu aliyeiba kuku.

Kipngeno, mwanangu, jina ni lako na nilikosea kukunyima. Nakujibu sasa. Wakiniletea habari kwamba umekufa, sitawaamini. Wakileta nguo zako, nitawauliza mwenyewe yuko wapi. Hata mama yako akichoka, hata kanisa likichanga pesa za matanga na wazee wakae pale nje kunituliza, mimi nitakuwa barabarani. Nikiona lori la jeshi hata kwenye runinga natoka nje, na sidhani kwamba hilo litaisha. Naogopa nchi za watu kuliko ninavyoogopa kaburi. Nitakuja nikiogopa hivyo hivyo, na sitarudi bila wewe.

Ni mimi,
Baba yako